Nguzo ya Upande wa Mama

Karakana,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabla sijasema jambo lolote, kwa maana unavyonijua, nikishafungua mdomo naweza kusahau hata adabu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele zake, na matone ya macho unayatia kama daktari alivyosema, si kwa mtindo wako wa kuruka siku mbili halafu kutia matone sita kwa mpigo. Sisi huku hatujambo. Paa la karakana linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, na ndoo ipo palepale chini yake.

Shangazi, shikamoo na wewe. Najua ni wewe unayesoma, umekaa mlangoni kwenye mwanga, miwani imeshuka puani. Tabia yako naijua pia. Mwaka jana nilipoandika kwamba nimeanguka kutoka kwenye ngazi na kuteguka mkono, ulimsomea Baba kwamba nasalimia na kazi zinaendelea vizuri, kisha ukakunja karatasi. Sikukasirika, ulikuwa unamhurumia kaka yako. Lakini safari hii nakuomba usome kila neno mpaka mwisho, hata yeye akikwambia uache. Ukifika mahali sauti ikagoma, kunywa maji, kisha uendelee.

Baba, wiki iliyopita uliniuliza kwa simu jambo moja tu: Kobe amefikia wapi. Nikakujibu kwamba anaendelea, kisha nikasingizia mtandao nikakata simu. Mtandao haukuwa na shida. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ukinikatiza ningepata kisingizio cha kunyamaza, na visingizio nimevitumia vya kutosha.

Basi nianze na kazi. Ulipotuma ujumbe kwamba baada ya miezi mitatu utatolewa mtoto wa jicho, na kwamba bandeji ikifunguliwa unataka kitu cha kwanza kukiona kiwe Kobe katika rangi alizozichagua Mama, kijani chini na maziwa juu, nilikwenda nyuma ya uwanja siku hiyohiyo nikavua turubai. Miaka tisa ya kusimama si mchezo, tena kwa gari lililofanywa nyumba. Panya walikuwa wamezaa ndani ya godoro la kitanda, mlango wa kabati ulianguka nilipougusa, na lile jiko dogo la mafiga mawili ambalo Mama alikuwa akichemshia maji kila tuliposimama njiani lilikuwa limeshikana na bati kwa kutu. Paa la kuinuka lilikataa kuinuka. Nilikaa kwenye ngazi yake nikacheka peke yangu, nikisema kweli ulimpa jina sawasawa, kobe aliyeingiza kichwa na hataki kukitoa.

Nilimvua kila kitu. Vioo, taa, kitanda, kabati, mbao za kuta za ndani zote isipokuwa moja, mpaka akabaki karibu bati tupu. Nilipoanza kupiga msasa, rangi zilitoka moja baada ya nyingine. Chini ya kijani chetu kuna bluu, chini ya bluu kuna rangi ya chungwa, sijui aliyeipaka alikuwa na huzuni gani ya kuificha namna hiyo. Kutu ilikuwa imekula kingo za madirisha yote, mifereji ya paa, na matao ya magurudumu ya nyuma. Pua ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokutana na ukingo wa daraja siku ile. Nimeinyoosha kwa nyundo wiki mbili, asubuhi na jioni, nikipitisha kiganja juu yake nimefumba macho kama ulivyonifundisha, mpaka kiganja kikaacha kulalamika. Kila palipooza nimekata, nimechomelea bati jipya, nimesugua, nikapiga praima. Nakuapia sijaficha tundu hata moja safari hii. Limebaki moja tu ambalo sijalikata wala kulichomelea, na ndipo ninapokwenda.

Kwanza lakini lipo jambo lingine la kukukera. Kazi hii sikuifanya peke yangu. Kaka amekuwa akija. Namsema mwanao wa kwanza, ambaye jina lake halijatajwa mezani pako miaka tisa. Wifi alipita karakana akamwona Kobe amevuliwa turubai, akaenda kumwambia mumewe, na kesho yake asubuhi kaka alikuwa amesimama getini na ovaroli kwapani kama mtu anayetafuta kibarua. Alisema anaomba kusugua tu, hataki kuendesha wala kukaa ndani, na akaniomba nisikwambie. Sikujua nimkatae kwa sababu gani. Nilimpa ndoo ya maji na karatasi ya msasa.

Huenda humjui tena, Baba. Yule dereva aliyekuwa akiimba njia nzima hajashika usukani tangu siku ile. Anafanya kazi kwenye ghala la saruji, anapima mifuko na kuandika namba, na huenda na kurudi kwa miguu. Wifi anasema hata wakipewa lifti, anakagua mkanda wa kila mtu mara mbili, mara tatu, mpaka watu wanaona haya, na watoto wamejifunza kuinua mikono juu ili baba yao apitishe vidole kwenye kufuli. Nilipoambiwa hayo nilitabasamu kama mjinga, kisha nikaenda nyuma ya kompresa nikahesabu makopo ya rangi niliyokwisha kuyahesabu.

Kaka alikuja kila siku baada ya kutoka ghalani. Mwanzoni alikuwa anasugua kwa nguvu kama anayefua, nikamwambia asubiri maji yafanye kazi, akaniambia sauti yangu imekuwa kama yako. Siku za baadaye tulitaniana kidogo. Alisema ndiyo maana uliniita Msasa, kwa kuwa mtu akikaa nami saa moja hutoka amechubuka. Nikaanza kuzoea hatua zake getini jioni, nami nilikuwa nimesahau raha ya kuwa na kaka.

Wiki ya tatu nilikwenda kununua thina ya kuyeyushia rangi, nikamwachia sumaku na chaki. Nilimweleza kazi yenyewe: afunge sumaku kwa kitambaa, aitembeze juu ya bodi polepole, na kila itakapolegea au kuanguka achore duara, kwa sababu hapo chini hakuna chuma, kuna puti, ule ute wa kuzibia mashimo unaokauka ukawa mgumu. Niliporudi nilimkuta amemaliza upande wa dereva na kona zote za nyuma, amechora viduara vidogo viwili vitatu vya kazi za watu wa zamani. Alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa abiria, kwenye ile nguzo iliyo nyuma ya kiti cha mbele. Chini yake alikuwa amechora duara kubwa kuliko yote, la upana wa sahani. Aliniuliza ni nani aliyetengeneza pale. Nikamjibu kwamba ni kazi ya siku nyingi. Akasema ajabu, kwa sababu anakumbuka Baba alikuwa akisema nguzo haitiwi puti, kisha akainuka akaendelea na mlango.

Hakushuku chochote. Mimi ndiye niliyejua duara lile ni la nani.

Baba, kaa vizuri. Shangazi, usiruke hapa.

Unakumbuka mwezi ule ulipoitwa kwenda kunyoosha mabasi kwa wiki nzima, na huku Mama akijiandaa kwenda kumwona bibi aliyekuwa mgonjwa, kaka amwendeshe na Kobe. Kabla hujaondoka ulinipeleka kwenye nguzo ile. Ulichukua bisibisi ukaigusa sehemu ya chini, pale boliti ya mkanda wa abiria inapofungwa, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini bila wewe kusukuma. Ukaniambia nikate mpaka nifikie chuma kisafi, nichomelee bati zito, nitoboe upya, ndipo nifunge mkanda. Ukaniambia nisipake rangi kabla hujapitisha jicho. Na ukasema lile neno lako ambalo nimelisikia tangu nikiwa na miaka kumi na tano, kwamba puti ni ya kulainisha, si ya kushikilia.

Wiki hiyo nilikuwa na gari la yule mteja aliyetaka rangi ya kung'aa, nyekundu iliyokolea yenye chembe za fedha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja karakana akaniulizia mimi, si wewe. Nilizunguka gari lile siku tano kama mtu aliyerogwa. Kuchomelea nilikuchukia tangu mwanzo, moshi wake, cheche zake shingoni, na zaidi ya yote nilichukia kwamba ukishamaliza hakuna anayekiona ulichofanya. Rangi husifiwa na kila mpita njia. Mchomeleo mzuri haumsimamishi mtu barabarani. Siku ya tano ikafika, Mama amekwisha kufunga mizigo, na nguzo sijaigusa.

Nikachukua wavu wa waya nikaukunja nikausokomeza kwenye tundu. Juu yake nikajaza puti. Nikasugua, nikapiga praima, nikapaka kijani, na boliti ya mkanda nikaiacha palepale ilipo, imeng'ang'ania kipande cha bati kilichooza. Nilijiambia Mama akirudi nitapafungua na kupafanya sawasawa. Kazi yote ilinichukua saa mbili na nusu.

Ulirudi siku moja kabla ya safari. Nilikwambia tayari. Ulikuwa umechoka, rangi ilikuwa imekwisha kupakwa, nawe hukunigombeza kwa hilo. Ulipitisha kiganja kutoka juu ya nguzo mpaka chini, ukarudia, kisha ukaniambia kwamba hata wewe hujui nilipoanzia. Sijawahi kusifiwa namna ile kabla wala baada. Baba, niliingia ndani nikamwambia Mama ulivyosema, naye akafurahi kuliko mimi.

Kesho yake waliondoka. Ya njiani unayajua kama alivyoyaeleza kaka, na yote aliyoyaeleza ni kweli. Lori lilikuwa limeharibika na kuachwa katikati ya barabara baada ya kona, akafunga breki, akakata kushoto, Kobe akagonga ukingo wa daraja. Hakuwa katika mwendo mkali. Yeye alitoka na michubuko. Mama alirushwa nje kupitia kioo.

Askari aliandika walichomwambia watu waliojazana: mama huyu amekutwa nje ya gari, kwa hiyo hakufunga mkanda. Mlango wa abiria ulikuwa umebonyea haufunguki, naye hakujisumbua kuchungulia. Jioni kabla ya magharibi mimi ndiye niliyekwenda na gari la kuvuta kumchukua Kobe, kwa kuwa wewe ulikuwa hospitali na Mama, hujakubali bado kuondoka. Niliingia kupitia upande wa dereva. Nikauona mkanda wa Mama. Ulimi wa mkanda ulikuwa bado umo ndani ya kufuli, umefungwa sawasawa. Upande wa pili boliti ilikuwa imeng'oka nzima kutoka kwenye nguzo, imetoka na kipande cha bati la kutu, na juu ya bati hilo puti yangu, na juu ya puti rangi yangu ya kijani.

Nilibonyeza kitufe cha kufuli kwa kidole gumba. Ulimi ukaruka nje. Boliti na kile kipande nikavitia kwenye mfuko wa ovaroli, na ile mbao ya ukuta wa ndani iliyokuwa imefunuka nikairudisha kwa ngumi ikaziba tundu, na ndiyo mbao moja niliyoiacha nilipomvua Kobe.

Ndivyo nilivyofanya. Sikuwa nimechanganyikiwa kama watu wanavyosema katika mambo haya. Nilijua ninachofanya.

Siku mbili baadaye ulikuja uwanjani ukasimama mbele ya Kobe. Ulitazama kiti, ukauona mkanda umelegea umefunguka, ukageuka kumtazama kaka. Nguzo hukuitazama hata mara moja. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ungeitazama, na jibu ninalolipata ni kwamba siku ile hukuwa fundi, ulikuwa mume wa mtu. Ulimwambia kaka mbele yetu sote kwamba angemfunga mama yake kama alivyojifunga mwenyewe. Yeye alijitetea kwamba Mama alifunga, kwamba alisikia kufuli likilia kabla hawajatoka getini, kwamba hata alilalamika mkanda unambana kifua. Ukasema asiongeze uongo juu ya msiba. Ukamwambia aondoke nyumbani kwako.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwenu. Kipande kilikuwa bado mfukoni.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, tena kwa ustadi, na kuziba kwangu ndiko kulikomuua Mama. Tangu hapo, kila niliposema nitakwambia, ulikuwa unanitambulisha kwa wateja kama mkono wako wa kulia, au unaumwa, au ni siku ya kumkumbuka Mama, au ni siku nzuri tu nisiyotaka kuiharibu. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajawahi kuipita. Yangu imekwenda miaka tisa, na ingeendelea, kwa sababu wewe mwenyewe ulinipa ruhusa ya kuimaliza kabisa. Kutengeneza Kobe ni kuikata nguzo ile. Nikishaikata na kuchomelea mpya, hakuna mtu chini ya jua atakayeweza kuonyesha lolote. Asubuhi ya siku iliyofuata ile ya sumaku niliwasha grainda ya kukatia chuma nikaiweka kwenye mstari wa chaki. Niliishika hapo mpaka mikono ikauma. Nikaizima, nikaenda kupiga praima mlango wa nyuma ambao haukuhitaji praima.

Siku tatu nilijipa kazi nyingine za gari. Siku ya nne kaka alipokuja nilimwambia aweke msasa chini, nikamweleza yote niliyokueleza hapa, tangu bisibisi mpaka kidole gumba. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa. Nilikuwa nimeweka hata nyundo mbali.

Hakunipiga. Aliniuliza swali moja, kama ni kweli Mama alikuwa amefunga. Nikamwambia ndiyo, ulimi ulikuwa ndani ya kufuli, nimeutoa mimi. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Mara ya tatu hakuuliza, alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa amefunga. Kisha akakaa sakafuni kwenye maji ya msasa, ovaroli ikalowa, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika kujifikiria kwangu kote. Alisema miaka miwili ya mwanzo aliapa kila siku kwamba alisikia kufuli likilia. Halafu, kwa kuwa sote tulisema hapana, akaanza kutolisikia vizuri. Kufikia mwaka wa nne alikuwa anaota Mama amekaa kwenye kiti kile bila mkanda, akimtazama, na akaiamini ndoto kuliko masikio yake. Alimwambia mkewe kwamba Baba alikuwa na haki, kwamba yeye ndiye aliyemuua Mama, na kwamba hata uongo aliutunga mwenyewe akausahau kuwa ni uongo.

Mimi nilidhani nimemnyang'anya baba na nyumba. Kumbe nilimnyang'anya mpaka kumbukumbu yake. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, na ninaiandika.

Aliinuka, akanawa mikono kwa thina kisha kwa sabuni kama mtu anayemaliza siku ya kawaida, akaondoka. Hakuja siku nane. Siku ya tano alikuja wifi, akachukua ovaroli yake kwenye msumari. Hakuniamkia, naye ni mtu anayeamkia hata mbuzi. Alisema tu kwamba mumewe analala sana na akiamka analia, na kwamba hajui kama ni kilio cha kuumia au cha kupona. Nilitaka kumwomba radhi. Aliinua mkono kunizuia, akatoka.

Siku ya tisa kaka alirudi, na ovaroli imefuliwa. Alisema mambo yake akiwa amesimama. Kwanza, hajanisamehe, na nisimharakishe. Pili, atamaliza kusugua, kwa sababu Kobe ni wa Mama, si wangu. Tatu, nikuandikie wewe, mwenyewe, kila kitu, na hasa kile kidole gumba, nisikiseme kwa mafumbo. Nilimuuliza kama anataka nikuombe lolote kwa niaba yake. Akasema hana la kuomba. Tangu siku hiyo tunafanya kazi kila mmoja upande wake wa gari.

Kwa hiyo, Baba, hapa ndipo Kobe alipofikia. Chini ni kijani, juu ni maziwa, nimepiga tabaka tatu za rangi na kung'arisha mara mbili, na kaka amesugua kati ya tabaka na tabaka. Taa zimerudi, vioo vimerudi, paa linainuka. Nguzo ya upande wa Mama iko bati tupu kama alivyoichora kaka, na tundu nimelifungua lote liko wazi. Sitalikata mpaka uje ulione kwa macho yako mapya, au uniambie kwamba hutaki kuja. Baada ya hapo ikatwe na fundi utakayemchagua. Mimi nguzo hiyo sina haki tena ya kuigusa. Ukitaka nifunge karakana nikupe funguo, funguo ziko tayari. Ukitaka niende kwa askari aliyeandika ile ripoti, nitakwenda, na kama hayupo nitakwenda kwa aliyeshika nafasi yake.

Nakusihi usiahirishe upasuaji kwa sababu ya barua hii. Nakusihi pia usiseme haraka kwamba yalikuwa yamepangwa. Yalipangwa na mimi, kwa saa mbili na nusu.

Ndani ya bahasha kuna kitu nimekifunga kwa kitambaa. Shangazi, kifungue taratibu, kina ncha, umpe Baba mkononi. Baba, huhitaji macho kwa hili. Ndiyo ile boliti, na bati lake. Upande mmoja utasikia kutu inavyomeguka, upande mwingine utasikia laini. Huo ulaini ndio ulioupitishia kiganja ukanisifu.

Hasira zako zote ni stahili yangu, nami nitazipokea kwa siku utakayotaka, kwa simu au uso kwa uso. Ila neno lako la kwanza lisije kwangu. Nimeandika namba ya simu ya kaka nyuma ya karatasi hii, kwa tarakimu kubwa, ili Shangazi asikosee. Mpigie yeye. Usihangaike kutafuta maneno ya kumwomba radhi, yatakukwama, nami najua yanavyokwama. Mwambie tu kwamba unajua Mama alikuwa amefunga mkanda, na kwamba yeye alisikia sawasawa. Anahitaji kulisikia hilo kutoka kwako, kwa sauti yako.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaouliza habari zangu waambie nipo. Goti ulikande kwa maji ya moto, usisikilize mtu. Shangazi, ahsante kwa kusoma. Kaa naye karibu leo, usimwache akae peke yake uani.

Ni mimi, binti yako,
Msasa.